Matembezi ya machweo baharini: Fikiria marejeo kabla ya kuchagua chombo

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti na Desemba, familia nyingi kutoka bara huteremka Pwani kwa gari moshi, basi au ndege, zikiwa zimedunduliza fedha kwa miezi mingi ili kupunga upepo wa bahari kwa siku chache tu. Miongoni mwa mambo ambayo wageni hao hupenda kufanya kabla ya kurejea makwao ni kupanda jahazi au mashua wakati wa jioni na kulitazama jua likitua. Ni burudani ya saa mbili hivi, lakini aghalabu ndiyo kumbukumbu inayodumu zaidi ya chumba cha hoteli na chakula kilicholiwa humo.

Licha ya hayo, wengi huichagua safari hiyo kwa dakika tano wakiwa wamesimama mchangani, huku wakivutwa na bei nafuu, picha ya tanga jeupe au maneno matamu ya kijana aliyewafuata ufuoni. Wengine huja kugundua kwamba jua limetua nyuma ya minazi ya hoteli waliyotoka, ilhali wao walitarajia kuliona likizama baharini. Wengine hukwama kwenye fungu la mchanga maji yanapokupwa. Wapo pia wanaorejea gizani katika chombo kisicho na taa, huku watoto wakilia na jaketi za kuokolea maisha zikiwa tatu kwa watu kumi na wanane.

Mabaharia wa kale walisema kwamba hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo inaafiki safari hii kuliko safari nyingine yoyote, maadamu matembezi ya machweo hayana budi kuishia gizani. Anayetaka kuchagua vyema na aanze kwa kuuliza jinsi atakavyorudi: saa ngapi, kupitia wapi, maji yakiwa katika hali gani na chini ya uangalizi wa nani. Akishapata majibu ya maswali hayo, mengine yote, yakiwemo bei na aina ya chombo, yatakuwa rahisi kuamua.

Jua hutua upande gani?

Jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kulielewa ni la kijiografia. Ufuo wa Kenya, kuanzia Kiunga hadi Vanga, unaelekea mashariki. Jua huchomoza baharini na kutua upande wa bara. Picha nyingi za jahazi likipita mbele ya jua jekundu lililogusa maji zimepigwa Unguja, ambako Mji Mkongwe wa Zanzibar na vijiji vya Kendwa na Nungwi vinaelekea magharibi au kaskazini magharibi. Kwa hivyo, mtu aliyeko Diani, Nyali, Bamburi au Malindi akiahidiwa kwamba ataliona jua likizama katika upeo wa Bahari Hindi, ajue kwamba ahadi hiyo haiwezi kutimizwa.

Hii haimaanishi kwamba Pwani yetu haina machweo ya kutazamwa majini. Siri ni kutafuta hori au mkondo wa bahari ulioingia bara, ambako maji huwa upande wa magharibi wa chombo. Mahali pa namna hiyo ni pengi.

Lamu, mkondo uliopo kati ya kisiwa hicho na kisiwa cha Manda ndio unaopendwa zaidi. Majahazi na mashua hutoka Shela au katika gati la Mji wa Lamu, yakapita kando ya mikoko ya Manda, kisha jua likatua nyuma ya mapaa, minara ya misikiti na minazi ya mji ambao uliorodheshwa na Shirika la Unesco kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2001. Hapa msafiri hulitazama jua juu ya mji, na wengi hukiri kwamba mandhari hayo yanashinda upeo mtupu wa maji.

Hori la Kilifi lina kina kirefu na limeingia bara kuelekea magharibi, hivi kwamba jua hushuka juu ya maji yenyewe na vilima vilivyo nyuma yake. Vyombo hupita chini ya daraja lililoiondolea Kilifi kivuko cha feri. Katika usiku wenye giza, maji ya hori hilo huweza kumemeta yanapotikiswa, kutokana na viumbe vidogo mno vinavyotoa mwanga. Anayetaka kuyaona hayo hana budi kubaki majini baada ya machweo, na hapo ndipo suala la marejeo linapozidi uzito.

Hori la Mida, karibu na Watamu, limezingirwa na mikoko na lina ndege wengi wa majini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hori hilo haina kina, na maji yanapokupwa hubaki matope na mifereji myembamba. Hori la Mtwapa, lililo kati ya Mombasa na Kilifi, nalo huwafaa wageni wa hoteli za kaskazini mwa Mombasa. Kisiwani Mombasa kwenyewe, safari nyingi za jioni huzunguka katika bandari ya kale na hori la Tudor, ambapo abiria huiona Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593, kwa upande walioiona mabaharia wa zamani.

Kusini, mgeni wa Diani anaweza kwenda kwenye mlango wa Mto Mwachema, karibu na Msikiti wa Kongo, au akasafiri hadi Funzi, ambako vyombo huingia katika mikoko na kuelekea Mto Ramisi. Mto huo una mamba, kwa hivyo mzazi asiwaruhusu watoto kuchezesha mikono majini eti kwa sababu chombo kinakwenda polepole.

Saa za jua na siku za mwezi

Karibu na ikweta, jua halitofautiani sana katika saa zake za kutua. Mombasa, hutua mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, yapata saa 12 na dakika 12 jioni, na huchelewa zaidi mwezi wa Februari, yapata saa 12 na dakika 43. Lamu hutangulia kwa dakika chache. Jambo linalowashangaza wageni waliotoka nchi za mbali ni wepesi wa giza kuingia. Hapa kwetu jua hushuka wima, na mwangaza uliobaki baada ya kutua huisha kwa muda wa dakika 20 hivi. Kwa hesabu hiyo, chombo kinachong'oa nanga saa 12 kamili kimechelewa, na kile kinachoondoka saa 10 na nusu au saa 11 ndicho kitakachompa abiria nafasi ya kuiona jioni ikibadilika.

Kuna zawadi moja ambayo Pwani ya Kenya inayo kwa sababu hiyo hiyo ya kuelekea mashariki. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati ule ule jua linapotua. Jioni ya mwezi 14 au 15 kwa hesabu ya Kiislamu, msafiri aliyeko mahali panapoonekana pande zote mbili huona jua likizama bara na mwezi ukipanda kutoka baharini. Aidha, mbalamwezi hiyo huwa taa ya kumrudisha nyumbani. Siku mbili tatu baadaye, mwezi huchelewa kuchomoza, na kati ya machweo na mwezi huwa na giza totoro. Mwenye uhuru wa kuchagua siku yake ya matembezi basi na aitazame kalenda ya mwezi kabla ya kuitazama kalenda ya hoteli.

Maji kujaa na kupwa

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa takribani siku moja, na saa zake husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huko Mombasa huweza kuzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Kwa anayetaka kutembea jioni, mpangilio wa Pwani yetu ni rahisi kukumbuka. Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa 10 au 11 jioni, kisha huanza kupwa wakati jua linapotua, na huendelea kupungua kwa kasi hadi usiku. Siku za maji mafu, maji huwa yamekupwa karibu na saa hizo hizo za jioni, kisha huanza kujaa taratibu. Maana yake ni kwamba safari ya bamvua huanza kwa raha na huweza kuishia kwa taabu. Chombo kilichopita juu ya fungu la mchanga saa 11 kinaweza kukwama juu yake saa 1 usiku. Katika hori la Mida na katika njia nyembamba za mikoko, hesabu hii ndiyo inayoamua kama utarudi kula chakula cha jioni au utasubiri maji yajae tena usiku wa manane ukiliwa na mbu.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa vyombo vinavyotoka nje ya mwamba. Sehemu kubwa ya ufuo wetu imekingwa na miamba ya matumbawe, na vyombo hutoka na kuingia kupitia milango maalum. Mchana, nahodha huutambua mlango kwa rangi ya maji na kwa mawimbi yanayovunjika pembeni. Usiku rangi hiyo haionekani. Kadhalika, maji yanayotoka kwa nguvu katika mdomo wa hori yakikutana na mawimbi ya bahari kuu huyafanya mawimbi hayo yasimame na kuvunjika. Kwa sababu hizo, matembezi ya machweo yanafaa kufanywa ndani ya mwamba, ndani ya hori au katika mkondo uliokingwa. Anayekuahidi kukupeleka nje ya mwamba wakati huo anakuuzia hatari ambayo hukuiagiza.

Pepo na majira

Wakazi wa Pwani huigawanya miaka yao kwa pepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi; bahari huwa shwari zaidi, maji huwa maangavu, na ndio msimu wenye wageni wengi. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hadi Septemba, na huwa kali hasa kati ya Juni na Agosti. Kati ya misimu hiyo miwili, mwezi wa Oktoba na Novemba, kuna matlai, upepo mwanana ambao huwapendeza wengi. Masika ya Aprili na Mei huleta mvua kubwa na mawingu yanayoweza kulificha jua kwa wiki nzima.

Familia inayosafiri Agosti haina haja ya kukata tamaa kwa sababu ya kusi. Inachohitaji ni kuchagua mahali palipokingwa, kama vile hori la Kilifi au Mtwapa, badala ya mkondo ulio wazi. Hata Lamu, upepo unapovuma kinyume na mkondo wa maji, mawimbi mafupi yenye kukera hutokea na kuwarushia abiria maji. Nahodha mzuri atakueleza hayo mwenyewe na kukushauri uondoke mapema au uahirishe.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na si busara kuzipuuza kwa sababu tu fedha zimekwishalipwa. Mnamo Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za ufuoni na baharini. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, uliza kama fedha zitarudishwa au siku itabadilishwa pindi bahari ikichafuka. Mwenye chombo asiyekubali hata moja kati ya hayo mawili atashawishika kuondoka hata pasipofaa.

Chombo kipi kinakufaa?

Majahazi ndiyo vyombo vikubwa vya tanga, vyenye mlingoti mnene na foromali ndefu inayobeba tanga la pembe tatu. Jahazi huwa na nafasi ya kutembea na kuandaa chakula, na huyumba kidogo kuliko vyombo vidogo. Linawafaa wazee, watoto na makundi makubwa. Baadhi ya majahazi ya Mombasa yamegeuzwa kuwa mikahawa inayoelea. Hayo huenda kwa injini, polepole, na safari zake ni za kula zaidi ya kusafiri.

Mashua ni ndogo kuliko jahazi, na ndizo zinazotumika sana Lamu kwa matembezi ya familia moja au marafiki wachache. Hapo msafiri husikia maji yakipasuka chini ya mbao, na akitaka huruhusiwa kushika usukani kwa dakika chache. Ngalawa ni mtumbwi wenye mbao mbili pembeni zinazouzuia usipinduke. Huenda kwa kasi, hulowesha, na hubeba watu wachache tu. Inafaa ndani ya mwamba kwa mtu mwenye afya asiyejali kurushiwa maji.

Boti za kasi huwahi kufika lakini kelele zake huifukuza ile raha iliyotafutwa. Boti zenye kioo chini nazo zina wakati wake. Matumbawe na samaki huonekana vizuri jua likiwa juu na maji yakiwa machache. Anayekuuzia safari ya machweo pamoja na kutazama matumbawe kupitia kioo anakuuzia vitu viwili ambavyo haviwezi kukutana, kwani jua likishainama maji huwa meusi.

Uliza pia kama chombo cha tanga kina injini ya akiba. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Nahodha hulazimika kupiga bisho, akienda upande huu na ule, na safari ya dakika 30 ya kwenda huweza kuwa ya saa nzima ya kurudi. Upepo ukikatika kabisa, chombo huachiwa mkondo wa maji. Injini yenye mafuta ya kutosha ni hakikisho kwamba marejeo hayatategemea bahati.

Usalama si jambo la kuonewa haya

Wakenya wengi huona haya kumuuliza nahodha maswali, wakidhani watamvunjia heshima. Haya hiyo haina faida. Wahenga walionya kwamba mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea, yaani aliyezoea bahari ndiye huipuuza. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama mita chache kutoka nchi kavu ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia kupita uwezo wake, na mamia wakaangamia. Vyombo hivyo havikuwa vya matembezi, lakini kilichoviangamiza ni kile kile kinachoweza kuiangamiza mashua ya watalii 10, yaani uzito uliozidi na mwenye dhamana aliyenyamaza.

Nchini Kenya, vyombo vya abiria husimamiwa na Mamlaka ya Shughuli za Baharini (KMA), iliyoundwa mwaka wa 2004, chini ya Sheria ya Usafiri wa Majini ya 2009. Chombo cha kubeba abiria kwa malipo hakina budi kukaguliwa na kupewa leseni, na idadi ya abiria kinaoruhusiwa kubeba huwekewa kikomo. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichoanzishwa mwaka wa 2018 nacho hushika doria. Hata hivyo, hakuna afisa anayeweza kuwepo katika kila ufuo kila jioni. Mkaguzi wa mwisho ni abiria mwenyewe.

Fika nusu saa kabla ya kuondoka na ukitazame chombo kwa macho yako. Hesabu jaketi za kuokolea maisha na uhakikishe zinatosha watu wote, mabaharia wakiwemo, na kwamba za watoto ni za saizi ya watoto. Jaketi kubwa humponyoka mtoto anapotumbukia majini. Vaeni jaketi hizo tangu mwanzo. Iliyofungiwa chini ya sitaha haimfai mtu chombo kikipinduka. Chungulia ngamani. Maji kidogo ni kawaida katika chombo cha mbao, lakini baharia anayeyafua bila kupumzika hata kabla ya safari kuanza ni dalili mbaya. Tafuta taa, kwa kuwa chombo kisicho na taa hakionekani na meli wala boti za kasi, na katika bandari ya Mombasa meli kubwa haziwezi kusimama wala kukwepa upesi.

Muulize nahodha kama ana simu yenye chaji au redio, na ni nani nchi kavu anayejua njia na saa yake ya kurudi. Nawe mwenyewe uiachie hoteli au jamaa yako habari hizo. Ukiona nahodha au mabaharia wamelewa au wamezubaa, shuka. Ukiona abiria wanaongezwa kupita idadi mliyoafikiana, shuka vilevile, hata kama umelipa. Fedha hutafutwa tena.

Bei na madalali

Ufuoni kuna vijana wengi ambao riziki yao ni kuwaunganisha wageni na wenye vyombo. Kazi hiyo ni halali, na wengi wao huifanya kwa uaminifu. Tatizo hutokea mgeni anapompa dalali fedha zote kisha akakabidhiwa kwa nahodha asiyejua yaliyoahidiwa. Njia iliyo salama ni kuonana na nahodha mwenyewe kabla ya siku ya safari, kukiona chombo, na kulipa sehemu tu ya fedha kama rubuni. Malipo ya simu huacha kumbukumbu ya jina na kiasi. Salio lilipwe mkisharudi.

Kabla ya kulinganisha bei za watu wawili, hakikisha wanauza kitu kimoja. Je, bei ni ya kila mtu au ya chombo kizima? Ni ya saa ngapi? Je, chakula, maji na mafuta vimo ndani yake? Chombo kikiingia katika hifadhi ya bahari, kama ya Watamu, Malindi au Kisite, kuna ada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambayo hulipwa kwa njia ya kidijitali, na yafaa kujua ni nani atakayeilipa. Bei iliyo chini mno kuliko nyingine zote haina muujiza. Kilichopunguzwa huwa ni mafuta, mabaharia au jaketi.

Kwa upande mwingine, msafiri asibembeleze bei hadi akamnyima nahodha faida. Mwenye mashua hulipia mbao, tanga, kamba na kalafati kila mwaka, na msimu wa kusi hukaa siku nyingi bila mteja. Anayelipwa vyema hana sababu ya kujaza abiria wawili zaidi ili kufidia hasara.

Adabu za majini

Wengi wa manahodha wa Lamu na vijiji vya Pwani ni Waislamu, na jua linapotua ndipo wakati wa sala ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani, ndio wakati wa kufuturu. Nahodha akiomba muda mfupi wa kufungua saumu au kuswali, mpe bila kunung'unika, na ikiwezekana jumuika naye kwa tende na maji. Uliza mapema kuhusu vileo badala ya kuvipakia kimyakimya, na jifunge leso au kikoi unapopita mitaani kuelekea gatini. Nguo hiyo hiyo itakusitiri na upepo wa usiku.

Usimhimize nahodha kuwafukuza pomboo wala kuegesha juu ya matumbawe ili upige picha. Usitupe kitu majini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika hifadhi, zikiwemo za baharini. Beba maji katika chupa ya kutumika tena. Mwenye kulewalewa na mawimbi ale chakula chepesi saa kadhaa kabla ya safari, akae katikati ya chombo na kutazama mbali.

Maswali ya mwisho

Kwa muhtasari, kabla ya kutoa fedha, msomaji na amuulize nahodha maswali haya saba. Jua litatua upande gani wa chombo? Tutaondoka na kurudi saa ngapi? Maji yatakuwa yakijaa au yakipwa tunaporudi? Tutabaki ndani ya mwamba? Leseni inaruhusu watu wangapi, na leo tutakuwa wangapi? Ziko wapi jaketi, taa na injini ya akiba? Bahari ikichafuka, fedha zangu zitakuwaje?

Nahodha anayeijua kazi yake hatakereka. Atayajibu yote kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, na huenda akaongeza ambayo hukuyauliza. Yule atakayecheka na kusema hakuna matata bila kujibu hata moja, mshukuru kwa adabu, kisha uende kwa mwingine. Machweo yapo kila siku, na jahazi lililo salama leo litakuwepo kesho.